Bastola Chini ya Kanzu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiweka bastola mfukoni. Kanzu yetu ya Kiomani ina mfuko wa pembeni, mrefu, ambamo watu huweka simu, funguo na tasbihi. Mimi niliweka bastola ya marehemu baba yangu. Nikajitazama kwenye kioo nikiwa nimesimama wima, nikaona haionekani, nikaenda kuswali Ijumaa. Sikujitazama nikiwa nimeinama. Tuliporukuu, mfuko ulining'inia mbele na kuyumba. Tuliposujudu, chuma kiligonga sakafu kupitia zulia na kumgusa gotini mzee aliyekuwa kulia kwangu.

Rakaa ya pili niliiswali kwa viungo tu. Baada ya salamu, mzee yule alinigeukia akanipa mkono. Alikuwa jirani wa mtaa wetu huko Mabela, na ukoo wake ulirudi Oman kutoka Bujumbura kama wetu ulivyorudi kutoka Unguja. Nilimjua kwa sura na kwa Kiswahili chake.

"Simu yako iko nzito, mwanangu," akasema.

Akatabasamu. Mimi nikaondoka bila kuswali sunna, na njia nzima nilikuwa na swali moja: huyu mzee amejua, na akijua atafanya nini?

Bastola ile haikuwa yangu, na wala haikutakiwa kuwa nyumbani kwetu. Baba alikuwa na duka la vyombo vya fedha ndani ya soko la Matrah, na kibali cha bastola kilikuwa chake, kwa ajili ya duka. Uhai wake wote sikumwona akiitoa kwenye sanduku ila kwa kuifuta. Alipofariki mama alikaa eda. Siku alipotoka eda, kabla hata hajafungua kabati la nguo zake za rangi, aliniita akanikabidhi sanduku.

"Kibali kilikuwa cha baba yako, na baba yako hayupo," akasema. "Jumapili ipeleke polisi. Usinilaze na kitu hiki ndani ya nyumba."

"Haya, mama."

Jumapili niliondoka na sanduku garini. Nilitaka kwanza karatasi ziwe sawa: cheti cha kifo, nakala ya kibali, kitambulisho changu. Nakala moja ilitoka kwenye mashine imekaa upande. Ndivyo nilivyo mimi. Kazi yangu ni kupiga picha za nyumba kwa ajili ya madalali, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kutazama video, na naweza kurudi kwenye nyumba niliyokwisha kuimaliza kwa sababu pazia moja lilikaa vibaya. Karatasi iliyotoka upande ilinitosha kuwa sababu. Nikapita Matrah, nikanywa chai, nikarudi nyumbani.

"Wameipokea?" mama akauliza.

"Wameipokea."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini neno likishatoka, ilibidi nilichunge. Sanduku likalala ndani ya begi la kamera.

Eda ilipokwisha tu tulihamia Mabela, kwenye nyumba ambayo baba aliijenga na hakuwahi kulala humo. Matrah tulikuwa tunajua hata kikohozi cha jirani. Mabela kila nyumba ilikuwa mpya, kuta ndefu, viwanja vitupu katikati, na watu wanapita ambao hujui wanatoka kwa nani. Tulikuwa watatu tu. Mama anasomesha, kwa hivyo asubuhi hayupo. Bibi, mama yake baba, yupo siku zote, lakini macho yake yana ukungu na watu huwajua kwa sauti na kwa kuwashika. Na mimi, mwanamume pekee wa nyumba, ambaye kila mtu kwenye matanga alinishika bega akaniambia sasa nyumba ni yangu kuilinda. Walisema kwa wema. Mimi nilikwenda nalo neno hilo mpaka kitandani.

Mchana mmoja nilirudi kutoka kazini nikamkuta bibi jikoni anapepeta mchele kwa vidole.

"Leo kaingia mtu uwani," akasema, kama anayesema leo joto.

"Mtu gani?"

"Mwanamme. Nlisikia mlango wa nje, nkatoka. Kasimama pale ukutani. Nkamwambia, nani weye? Kasema maneno, mie sikuyasikia vizuri. Kageuka, kenda zake."

"Alikuwa na nini mkononi?"

"Nna macho ya kuona hayo? Nlimwona kivuli tu. Kanipa mgongo."

"Alikupa mgongo makusudi?"

"Wee baba, usinihoji kama polisi. Kaja, kaondoka. Nitazamie na bakuli langu la samawati, mpaka leo silioni."

Bakuli hilo la bati alikuja nalo kutoka Unguja, amelipakata safari nzima. Tangu tuhamie lilikuwa halionekani. Mama alisema labda lilipotea kwenye kuhama, au lilikwenda na chakula kwa jirani na halikurudi, hakumbuki kwa nani. Mimi nikaunganisha. Mtu ameingia mchana, ameficha uso, ameondoka alipogundua kuna mtu. Na kitu kimepotea. Siku ya pili yake nilifungua sanduku.

Sheria niliijua. Hapa kwetu mtu hatembei na silaha mfichoni. Kinachovaliwa kiunoni ni khanjari, siku ya harusi na siku ya Idi, mbele ya macho ya watu wote. Nilijua pia kwamba sijawahi kupiga risasi maishani mwangu. Nikajifundisha kama nilivyojifundisha kamera, kwa kutazama video. Wanaume wote wa video zile walivaa suruali na mikanda. Hakuna hata mmoja aliyevaa kanzu nyeupe nyepesi na kikoi ndani. Hakuna aliyekaa chini na binamu zake wakila kwenye sinia moja. Baada ya aibu ya msikitini nilishona mkanda wa kitambaa wa kuvaa ndani, nikaufumua, nikaushona tena, mpaka mshono ukanyooka kama wa fundi. Nilijisifu kwa mshono ule.

Kuanzia hapo nilibeba kila siku, na msikitini nikaanza kuchagua safu ya mwisho, pembeni.

Watu hudhani mwenye silaha hutembea kwa kujiamini. Mimi nilitembea kama mtu mwenye kidonda. Matrah, upepo wa bandarini ulipobandika kanzu mwilini, niligeuka nikatazama madirisha ya maduka mpaka utulie. Kwenye barza za watu nilikaa penye ukuta nyuma yangu na mlango mbele yangu, na aliyewahi kukaa pale nilimchukia kimoyomoyo. Niliacha kutazama nyuso. Nilitazama mikono: mkono ulio mfukoni, mkono ulio nyuma ya mlango wa gari, mkono wa muuza duka ukishuka chini ya meza kuchukua mfuko wa plastiki.

Siku moja dalali alinituma Yiti kupiga picha za nyumba ya mapumziko. Nilidhani huko mbali nitapata mahali pa kuijaribu bastola, nijue kama inafanya kazi. Nilipomaliza picha nikashuka kwenye ufuo uliokuwa kimya, na kumbe nyuma ya mwamba kulikuwa na familia imetandika mkeka. Baba wa familia akainuka akanikaribisha kahawa. Ukikaribishwa kahawa hukatai. Nikakaa upande upande, nimebana kiwiko kiunoni, naye akaniuliza mambo ambayo kila mtu humuuliza mgeni: habari zenu, habari za nyumbani, wewe ni wa wapi, mtoto wa nani. Nikamjibu uongo. Nikamtajia mtaa usio wetu. Nilirudi na tende zake mfukoni na nikatazama kioo cha nyuma njia nzima kuona kama ananifuata.

Haya yote ningeweza kuyavumilia. Kilichonishinda kilikuwa bibi.

Bibi husalimia kwa mwili wote. Unainama, unabusu kichwa chake, yeye anakukumbatia na kukupapasa mabega, mgongo na kiuno, anapima kama umekula. Tangu nilipokuwa mdogo ndivyo anavyonisoma. Sasa kila nilipoingia nilimgeuzia bega, nikabusu kichwa chake kutoka mbali na kurudi nyuma kabla mikono yake haijafika.

"Siku hizi unanisalimia kama askari," akaniambia.

"Nina jasho, bibi."

"Nna macho mabovu, pua yangu nzima. Huna jasho."

"Nimechoka tu."

"Umeniona nanuka uzee?"

"Astaghfirullah, bibi!"

Alicheka, lakini hakunyoosha mikono tena siku ile, wala siku iliyofuata. Nilikuwa nabeba bastola ili asipatwe na mtu mbaya, na yeye alidhani namwonea kinyaa. Ningeweza kumaliza jambo lile kwa neno moja. Lakini neno hilo lingefika kwa mama, na mama angejua kwamba Jumapili ile nilimdanganya.

Yule mzee wa Bujumbura, wakati huohuo, hakuniacha. Nilipokuwa natoka msikitini alinifuata. Mara ya kwanza aliuliza, "Mchana munakuwa nyumbani?" Nikasema, "Mara nyingine," nikaingia garini. Mara nyingine akauliza, "Bibi yako anakaa peke yake asubuhi?" Ni swali gani hilo? Nikamjibu kwamba nyumba yetu haikai bila mwanamume, uongo mwingine, na nikamwona anaitikia kwa kichwa kama anayeweka jambo akilini. Tangu hapo nikishatoa salamu ya mwisho nilikuwa wa kwanza kwenye viatu.

Nilianza kupita mbele ya nyumba yake polepole kwa gari. Mlango umefungwa. Mapazia yamefungwa. Gari lake linaondoka mchana na kurudi jioni. Sikuona mke, sikuona nguo kwenye kamba. Niliyaweka yote haya kichwani na kila kitu kikakaa mahali pake, sawasawa, kama picha niliyoipanga mwenyewe. Mtu aliyeingia uwani na mzee aliyegusa bastola kwa goti sasa walikuwa mtu mmoja. Juu ya hilo nilikuwa sahihi. Ni jambo pekee nililolipatia.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya laasiri. Gari langu nililiacha mbele ya nyumba nikaenda kwa miguu dukani kununua mkate. Kununua mkate, na bastola kiunoni. Niliporudi, mlango wa nje ulikuwa wazi. Mimi huufunga, nikishaufunga huusukuma kuhakikisha, kisha nikirudi nyuma kidogo huusukuma tena. Ulikuwa wazi.

Nikaingia bila sauti. Uwani, karibu na jiko, mtu amesimama amenipa mgongo, amegeukia ukuta kabisa, kichwa chini. Mkono wake mmoja ulikuwa umefichwa chini ya kitambaa.

"Wewe!" nikasema.

Akaanza kugeuka, na mkono ule ukageuka naye, bado chini ya kitambaa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuitoa bastola mbele ya kioo mpaka kanzu ikatoboka. Hakuna siku iliyotoka kama ilivyotoka pale. Nilipandisha kanzu, bastola ikatoka na pembe ya kikoi, fundo likafunguka, kikoi kikaanguka miguuni mwangu ndani ya kanzu, na mimi nikawa nimesimama nimefungwa miguu kama kuku wa kuuzwa, bastola mbele, kidole mahali ambapo kila video husema usiweke kidole. Ndani mlikuwa na risasi. Mimi ndiye niliyezitia.

Alikuwa yeye, mzee wa Bujumbura.

Kabla hajasema kitu, mlango wa jikoni ukafunguka. "Umeshakuja, baba?" bibi akasema, maana alinisikia, na akatoka akifuata ukuta kwa kiganja, akaja moja kwa moja kwangu. Akapita katikati yetu. Nilikuwa natazama mtutu wa bastola na nyuma yake nikaona leso ya bibi, maua mekundu. Mkono wangu haukushuka. Niliuambia ushuke na haukushuka.

"Mama, simama hapo hapo kidogo," mzee akasema, kwa upole.

Bibi akasimama. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mwanangu," akaniambia mimi, "iteremshe. Polepole. Angalia, mimi naweka hiki chini."

Akachutama, akaweka chini alichokibeba, akavuta kitambaa. Lilikuwa bakuli la bati la samawati, limejaa halua. Akanyanyua viganja vyote viwili nivione.

Hapo ndipo mkono ukashuka.

Akanitazama, kisha akaitazama bastola. "Ndiyo ile simu?" akauliza.

Bibi alikuwa ameshanifikia. Nisingeweza kumgeuzia bega, miguu yangu ilikuwa imefungwa na kikoi. Akanikumbatia kama zamani, mikono ikashuka mabegani, mgongoni, ikafuata mkono wangu wa kulia mpaka mwisho. Vidole vyake vikatulia juu ya chuma.

"Hii naijua," akasema. "Hii ya mwanangu."

Mzee aliniambia nizitoe risasi, nikazitoa. Kisha akakaa kwenye kidaraja cha mlango, nje, uso wake umeelekea barabarani.

"Mimi nitakaa hapa mpaka mama yako arudi," akasema. "Si kwa kukulinda wewe. Ninalinda bibi."

"Hicho Kiswahili umekiokota wapi?" bibi akamuuliza kutoka ndani, sauti yake bado haijatulia.

"Bujumbura, mama."

"Ndiyo maana. Na bakuli langu umekaa nalo mwaka?"

Akaeleza akiwa ametupa mgongo, na mimi nikasikiliza nikiwa nimekaa chini. Tulipohamia, mama alipeleka mkate wa kumimina kwa majirani, na bakuli lile likaangukia kwake. Mke wake akaugua, akalazwa, na bado alikuwa hospitali. Huko ndiko gari lake lilikokwenda kila mchana. Yeye kupika hajui, na bakuli la watu hulirudishi tupu. Alikaa nalo akiona haya. Siku moja akatia tende akaja, akapiga hodi, akasikia sauti ya mwanamke peke yake. Akageuza uso, akauliza kama kuna mwanamume, hakujibiwa, akaondoka. Msikitini akataka kuniuliza niko nyumbani saa ngapi ili alete bakuli kwa heshima. "Na wewe unakimbia kama mwizi wa viatu," akasema. Leo aliliona gari langu mlangoni, akajua nipo, akapiga hodi, akaingia kunisubiri.

Kumpa mgongo mwanamke usiye maharimu wake, si ndugu yake wa karibu, ukageukia ukuta. Nimelelewa katika adabu hiyo. Mimi mwenyewe nimegeukia kuta ngapi kwenye nyumba za watu, nikisubiri wanawake wapite? Nilipoambiwa mtu amempa bibi mgongo, nilifikiri kila kitu isipokuwa hilo.

Mama aliporudi mzee alimsalimia, akasema bakuli limefika, akaenda zake. Hakusema zaidi. Aliniachia mimi niseme, na nikasema yote, sanduku likiwa wazi katikati yetu. Mama hakupiga kelele.

"Jumapili ile ulikwenda wapi?" akauliza.

"Nilikunywa chai Matrah. Nikarudi."

"Chai," akasema. Akalifunga sanduku. "Na ungempiga? Na huyu bibi yako katikati?"

"Sijui, mama."

"Kesho tunakwenda wote wawili. Na utasema kama ulivyonambia mie, usipunguze."

Tulikwenda. Karatasi moja bado ilikuwa imetoka upande, na hakuna aliyeitazama. Nilisema kwamba nilichelewa, na nilisema kwamba niliibeba. Mama alikaa kando yangu, mkoba umepakatwa, akinisikiliza kama anayehakiki hesabu. Nilizuiliwa, nikahojiwa, nikafikishwa mahakamani. Hukumu ilikuwa faini na kifungo kilichosimamishwa. Baadhi ya madalali waliacha kunipa kazi, na sina la kuwalaumu: mimi ni mtu aliyekuwa akiingia kwenye nyumba zao na bastola.

Mke wa jirani alirudi kutoka hospitali, na bakuli la samawati sasa huenda na kurudi. Nalipeleka mimi. Nikifika naita hodi kwa sauti, na asipojibu mwanamume nageukia ukuta na kusubiri.

Bado nakaa penye kuona mlango. Bado natazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao, na mlango wa nje bado nausukuma mara mbili. Hayo hayajaniacha. Lakini sibebi kitu kiunoni, mama anajua nilikokwenda kila ninapomwambia nilikokwenda, na nikiingia ndani simgeuzii bibi bega. Ananikumbatia, anapapasa kiuno changu pande zote mbili, kisha ananiachia.